Kofia Niliyoinyoosha

Niseme mapema usije ukaniambia baadaye: kwa kusafisha picha za zamani, Durban hii nzima sijaona wa kunifikia. Wapo wenye mashine kubwa kuliko zangu, wapo wenye kiyoyozi na viti vya ngozi. Lakini niletee picha iliyoliwa na mende, iliyolowa mvua, iliyokunjwa mara nne ikasafiri ndani ya kiatu kutoka Uvira mpaka hapa, halafu tuone. Nitakurudishia mtu wako na macho yake, na kola yake, na vifungo vyote vya koti. Sijisifu. Bon, najisifu, lakini ni kweli.

Kibanda changu kiko ndani ya jengo la maduka, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka soko la Warwick. Upande wangu kuna kompyuta, skana, printa, kigoda na shuka jeupe la kupigia picha za pasipoti. Upande wa pili wa pazia yuko mama mmoja wa Lubumbashi anayesuka nywele, na Mungu alipogawa ukimya yeye hakuwepo. Kila mteja wangu ni mteja wake wa maneno.

Kazi nilifundishwa na baba yangu huko Bukavu. Studio yake ilikuwa na sheria moja: mtu hatoki hapa na aibu. Ukija na shati lililochanika, kwenye picha utatoka na shati zima. Mjane mmoja alipoleta picha ya marehemu mumewe amevaa singlendi, baba alikaa na brashi na wino siku mbili akamvisha suti, na tai juu yake, na mjane akalia kwa furaha mbele ya mlango. Kwetu hakuna aliyeuita huo uongo. Ilikuwa heshima. Mtu atakaa ukutani miaka hamsini, utamwachaje na kola iliyopinda? Nami nikakua hivyo, na mpaka leo mkono wangu ukiona kasoro kwenye picha unawasha.

Sasa, Jumatatu moja ya mwezi wa tatu aliingia mwanamke mzee, mwembamba, amenyooka, amebeba kopo la biskuti kwa mikono miwili. Watu wa jamii yake hapa Durban, wale ambao damu zao zimechanganyika tangu enzi na enzi, mwanamke wa umri ule wanamwita Anti, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa amevuka themanini. Tuliongea Kiingereza, yeye chake cha kuzaliwa nacho, mimi changu cha kuokoteza njiani.

Alifungua kopo juu ya meza yangu. Mama weee! Kulikuwa na sarafu kubwa ya shaba yenye mnyama yule anayeruka, kangaruu. Kulikuwa na leso ya kiume iliyogeuka rangi ya chai. Kulikuwa na kifungo cha koti la jeshi, na juu yake, kidogo kabisa, ramani ya Australia imechongwa. Nilikishika kwa vidole viwili mwili ukanisisimka. Nimeshika vitu vingi vya zamani katika kazi hii, lakini kifungo kilichotoka upande ule wa dunia, kikavuka bahari, kikaenda vitani, kikaachwa Durban! Nikamwita jirani yangu aje kuona. Akaja na chanuo mdomoni.

Chini kabisa kulikuwa na picha ya kijana mwenye sare, amesimama mbele ya ukuta. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi upande mmoja.

"Huyu ni baba yangu," Anti akasema. "Sijui jina lake."

Akanieleza. Meli ya wanajeshi wa Australia ilitia nanga hapa wakati wa vita kubwa ya pili, siku chache tu, ikielekea kaskazini. Mama yake alikuwa mshonaji. Miezi tisa baadaye akazaliwa yeye. Mama akafariki Anti akiwa na miaka sita, na jambo pekee alilomwachia mdomoni kuhusu baba ni hili: baba yako ni Mwaustralia, na alikuwa mtu mwema. Basi. Jina hakuna. Katika cheti chake cha kuzaliwa, mahali pa baba pamepigwa mstari, na mstari huo ameubeba shuleni, kanisani, siku ya ndoa yake, kila mahali penye fomu.

Sasa mjukuu wake anayefanya kazi Pinetown alikuwa amempata mtu mtandaoni. Mzee mmoja huko Australia, mji mdogo, ana chumba kilichojaa picha na vitu vya wanajeshi wa wilaya yao, na anawasaidia watu kutambua waliomo kwenye picha zao. Ila mzee huyo amechoka, anafunga chumba. Alhamisi asubuhi gari linakuja kubeba masanduku yote kuyapeleka kwenye ghala la mji mkubwa, na huko, alisema mwenyewe, yatakaa miaka bila kufunguliwa. Alitaka picha iliyo safi, kubwa, itumwe kwenye simu yake kabla ya hapo.

"Mwanangu, mimi sina miaka ya kusubiri ghala," Anti akasema.

Nikamwambia, Anti, umefika mahali penyewe. Nikaiweka picha kwenye skana. Yeye aliendelea kueleza hadithi ya picha, nani aliikata na kwa nini, mimi naitikia ndiyo Anti, ndiyo Anti, macho yote kwenye kioo naangalia mikwaruzo. Kuuliza si ujinga, wanasema, na kusikiliza nako si ujinga, lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kazi. Nikampa picha yake, nikamwambia arudi Jumatano saa tatu.

Jumanne yote niliifanya ile kazi tu. Waliokuja kutoa kopi niliwaelekeza kwingine. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu kinachomstahili. Nilimtoa kijana yule ukungu usoni, nikamrudishia nyusi, nikapata mpaka kidoti kidogo kwenye kidevu. Alikuwa anacheka kidogo. Mrembo, haki ya Mungu! Halafu nikaanza kumtengeneza, kama baba alivyonifundisha.

Kofia yake ilikuwa na kasoro. Upande mmoja ukingo umelala vizuri, upande wa pili umesimama juu, umebanwa kwenye kofia yenyewe, kama mtu aliikalia. Masikini, nikasema, safari ya meli hiyo. Nikauteremsha ule ukingo, nikaulinganisha na mwenzake, saa mbili nzima, kivuli kwa kivuli. Kwenye bega kulikuwa na kidoa cha pembe nne, nusu cheusi nusu cheupe. Nikakifuta, nikaendeleza kitambaa cha koti mpaka ukasema fundi amemshonea jana. Na pale penye kiwiko, ukingoni kabisa mwa picha ilipokatwa, kulikuwa na vitu vinne vyeupe vimemng'ang'ania, sijui mkono wa mpita njia. Nikaviondoa navyo.

Jirani yangu akaja kutazama akapiga makofi. "Dada, huyu sasa anaweza kwenda kuoa!" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaongeza na kung'arisha vifungo. Jioni nikaituma Australia, kubwa, safi, nikafunga kibanda naimba.

Jumatano saa tatu kamili Anti aliingia amevaa gauni la kanisani na mkufu wa lulu. Jibu lilikuwa limeingia dakika kumi nyuma, ujumbe wa sauti. Nilikuwa sijausikiliza. Nilitaka tusikilize pamoja, nilishajiona nashangilia. Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Sauti ya mzee, ya upole, ya taratibu. Alishukuru. Alisema picha ni nzuri ajabu. Halafu akasema anasikitika sana, huyu si mtu wao. Kofia si ya wanajeshi wa Australia, na begani hana alama ya kikosi, na mtu wao asingekosa alama hiyo. Kuhusu kifungo na sarafu alivyotajiwa na mjukuu, wanajeshi wa kila nchi walikuwa wakibadilishana vitu hivyo bandarini, havithibitishi kitu. Pengine ni Mwingereza, pengine mtu wa hapa hapa. Alimtakia bibi kila la heri.

Anti akakaa kwenye kigoda cha pasipoti, mbele ya lile shuka jeupe. Hakulia. Afadhali angelia.

"Basi mama yangu alinidanganya," akasema. "Au alidanganywa yeye. Miaka yote hii nimekuwa mtoto wa Mwaustralia. Leo mimi ni mtoto wa nani?"

Nikafanya nilichojua: nikachukua picha niliyochapa, nikaiweka mikononi mwake. Angalau aone uso wake vizuri, nikafikiri.

Aliutazama uso, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaisogeza karibu na macho, akainamisha, akapitisha kidole ukingoni.

"Vidole viko wapi?"

"Vidole gani, Anti?"

"Vya mama yangu."

Akafungua kopo akatoa picha yake ya zamani, akanionyesha pale kwenye kiwiko, vile vitu vinne vyeupe. "Nilikwambia Jumatatu, kama nilivyoelezwa na walionilea. Mama alisimama hapa. Alijikata mwenyewe kwenye picha kwa mkasi ili mtu akiikuta aseme ni askari tu, asiulize yuko na nani. Vidole havikukatika. Mimi sina picha nyingine ya mama yangu. Nina hivi vidole."

Eish. Dunia ingefunguka ningeingia kwa hiari yangu.

Na hakuwa amemaliza. Macho yake yalikwenda kwenye picha yangu, yakarudi kwenye yake, yakarudi tena kwenye yangu, na mgongo wake ukanyooka.

"Na kofia umeifanya nini?"

"Niliinyoosha, Anti. Ilikuwa imepinda upande mmoja."

"Imepinda!" Akasimama. "Ndivyo wanavyoivaa! Upande mmoja juu! Ndivyo mtu anavyowajua, hata mtoto mdogo anajua!"

"Mtoto wa wapi, Anti? Bukavu hawakupita hao!" Ndiyo, nilimjibu hivyo mwanamke wa miaka themanini na kitu. Aibu ikinishika, mimi huwa nakasirika kwanza.

Pazia likafunguka. Jirani yangu akaingiza kichwa, na nyuma yake kichwa cha mteja nusu kimesukwa. "We dada! Ulipiga pasi kofia ya mwanajeshi?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Na Anti naye, sijui kilimpata nini, mdomo ukamcheza, akaanza kucheka, machozi yakimtoka sasa, akinipiga bega kwa ile picha. "Umempiga pasi baba yangu! Umemfua mpaka nchi yake imetoka!"

Hapo ndipo kitu kikaniwaka kichwani. Nchi yake! Bega! Nikamnyang'anya ile ya zamani, samahani Anti, nikainama na lenzi yangu. Kile kidoa cha pembe nne hakikuwa kidoa. Kilikuwa na mishono pembeni. Kitambaa kimeshonwa kwenye mkono wa koti, rangi mbili, chenye pembe zake. Alama ya kikosi ilikuwepo. Niliifuta mimi.

"Saa ngapi kwao?" nikauliza.

"Saa kumi na moja jioni. Kesho asubuhi gari linakuja," Anti akasema.

Jamani, sijawahi kufanya kazi kwa kasi ile. Skana yangu ni ya zamani, inapiga picha kwa kunung'unika, nikaisemesha kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, nikaibembeleza. Nikatoa picha mbichi, haijaguswa, ukungu na mikwaruzo yote. Nikakata kofia peke yake, bega peke yake, kiwiko peke yake. Nikatuma zote nne, na ujumbe mmoja kwa Kiingereza changu kibovu: samahani baba, kosa si la picha, ni langu, mimi nilinyoosha kofia.

Tukangoja. Mteja wa picha ya pasipoti alifika, nikamwambia subiri, akaona nyuso zetu akasubiri. Jirani aliacha kusuka. Anti alishika kopo mapajani, midomo ikimtembea, nadhani anasali.

Simu ikalia. Video.

Mzee alikuwa na masikio makubwa na miwani kwenye paji la uso, na nyuma yake masanduku yamepangana mpaka darini, yamefungwa kwa utepe. Hakusalimia. "Ni sisi!" akapiga kelele. "Hiyo alama ni ya vijana wa hapa! Huyo katoka hapa hapa! Subirini, msikate!" Akaweka simu mahali, tukaona dari, tukasikia kisu kinapasua utepe. Sanduku la kwanza. La pili. Anasema peke yake, si hili, si hili. Kitu kizito kikaanguka, akatukana, akaomba radhi.

"Anatafuta nini?" jirani yangu akaninong'oneza. "Mi siko naelewa."

"Familia zilimpa vitu vya watoto wao wa kikosi hicho," nikasema. "Barua, picha walizotuma nyumbani."

Akarudi na albamu nyeusi. Akaanza kufungua kurasa mbele ya kamera, nasi tumebanana watu watano kwenye simu moja. Wanajeshi kwenye meli. Wanajeshi wamekaa kwenye gari la kukokotwa na mtu, lile la Durban ambalo mvutaji wake huvaa pembe kichwani, wanacheka. Ukurasa. Ukurasa.

"Simama!" nikasema. "Rudi nyuma! Rudi!"

Nilimjua. Siku nzima nilikuwa nimekaa na nyusi zake, nitaachaje kumjua? Ukuta ule ule, kofia ile ile, upande mmoja juu. Na picha hii haikukatwa. Kando yake alisimama msichana wa gauni jepesi, ameinua kidevu, mkono mmoja ameshika kiwiko cha kijana yule, vidole vinne vinaonekana.

Nilipiga kelele. Jirani yangu alipiga kigelegele. Yule mteja wa pasipoti, ambaye hatumjui wala yeye hatujui, alirukaruka akisema "Sharp! Sharp!", yaani safi kabisa. Walinzi wa jengo walikuja mbio wakidhani tumevamiwa.

Anti alichukua simu mkononi mwangu akaisogeza karibu kabisa na macho. Alikuwa anamtazama mwanamke aliyemwona mara ya mwisho akiwa na miaka sita.

"Ana meno yangu," akasema polepole. "Sikuwa nakumbuka meno."

Mzee akatoa picha kwenye albamu kwa ncha ya kisu, akaigeuza. Nyuma kuna maandishi ya penseli, akasema, kijana aliwaandikia wazazi wake. Akasoma. Jina la msichana kwanza, lote, la kwanza na la ukoo, bila kosa. Kisha neno Durban. Kisha jina la kijana mwenyewe. Sitaliandika hapa, ni la Anti, na alilisubiri peke yake. Alilirudia mara tatu. Mara ya tatu alilisema na jina lake la kwanza mbele, kujaribu yanavyokaa pamoja.

"Alirudi kwao?" Anti akauliza.

Mzee akavua miwani. "Hapana, bibi. Aliuawa jangwani, mwaka ule ule. Asingeweza kujua habari zako."

Akatuambia wana kitabu. Kila mwaka mwezi wa nne, alfajiri, mji mzima unakusanyika na yeye anasoma majina ya waliokufa vitani, na kwa kila jina anasoma mstari mmoja. Akakifungua ili Anti asikie yaliyoandikwa juu ya baba yake. Alisoma kwa sauti ile aliyozoea kusomea, miaka na miaka, bila kufikiri: jina, umri, mwana wa fulani na fulani, mkulima, hakuoa, hakuacha mtoto.

Akakomea hapo. Tuliona uso wake ukibadilika.

Anti aliweka kopo chini, akashika simu kwa mikono yote miwili.

"Una kalamu hapo?"

"Ninayo, bibi."

"Basi futa hilo neno la mwisho. Andika: aliacha mmoja, wa kike. Yuko Durban, na anakutazama mpaka umalize."